Kitabu cha katuni juu ya mkono wa Idi: namna ya kuwatengenezea watoto wanaopiga hodi

Kule Marekani kila tarehe 31 Oktoba, sikukuu yao ya Halloween, watoto wanavaa mavazi ya kutisha, huyu mifupa, yule popo, mwengine kajifunga shuka jeupe, jioni wanapita nyumba hadi nyumba kudai pipi. Sasa kuna watu kule walichoka na habari ya pipi wakaanza kugawa vitabu vya katuni, na wala si mtu mmoja mmoja tu, kuanzia 2012 maduka ya katuni yakawa na shughuli yao yenyewe ya msimu huo, Halloween ComicFest, yakigawa katuni bure dukani na yakiuza vifurushi vya vijitabu vidogo ili na wewe ueke mlangoni kwako uwagawie wanaobisha. Na miaka kumi kabla ya hapo walishaanza Free Comic Book Day, ya mwanzo ilikuwa tarehe 4 Mei 2002, wazo la mwenye duka mmoja wa California anaitwa Joe Field, Jumamosi ya mwanzo ya Mei unaingia dukani unatoka na katuni bila kulipa senti.

Sisi huku Zanzibar Halloween haituhusu, ukiacha pati za wageni mahotelini. Ila watoto wa kupiga hodi tunao, tena wetu wanakuja mchana kweupe na nguo mpya, hawamtishi mtu. Sikukuu mosi ikimalizika sala tu ushawaskia barazani, "hodi, Idi njema, nipe mkono wa Idi", yani pesa ya sikukuu, wanakuja makundi makundi, wakubwa wamewashika mikono wadogo, wengine hata hujui ni watoto wa nani. Kwahiyo naeleza hapa namna ya kulichukua wazo la hao wenzetu ukalileta kwenye baraza yako, uwe Jang'ombe, uwe Kikwajuni, uwe Chake au Wete, bila kutumia pesa nyingi na bila kuwa wewe ni mchoraji.

Jambo la mwanzo, na hili ukilikosea yote yaliobaki hayana maana: kitabu kisiwe badala ya pesa. Kiwe juu ya pesa. Mtoto anaepita na kimkoba chake siku ya Idi ana hesabu kichwani, keshajua jioni akifika Mnazi Mmoja au Kariakoo, au Tibirinzi kwa walioko Chake, anataka pembea mara ngapi, aiskrimu ngapi, na lile puto. Wewe ukimtolea karatasi yenye michoro ukamwambia "soma mwanangu upate akili", wallahi habari zako zitafika mtaa wa pili kabla hujarudi kukaa. Hata huko Marekani nyumba inayogawa miswaki badala ya pipi watoto wanaicheka. Kwahiyo ile mia mbili au mia tano uliyokuwa ukitoa miaka yote itoe ile ile, tena itangulie, sarafu iingie mkononi kwanza roho ya mtoto itulie, halafu ndio kitabu. Bajeti ikibana bana kwenye karatasi, toa kopi nyeusi na nyeupe, lakini sarafu usiiguse.

Jambo la pili ndio tamu lenyewe. Sikukuu yetu inakwenda siku nne, mosi, pili, tatu, nne, na wao Halloween yao ni usiku mmoja basi. Hapo tumewapita. Ukiwa na siku nne huna haja ya kutoa hadithi nzima kwa mkupuo, unaikata vipande vinne, kila siku kipande kimoja na kila kipande kinaishia pale pabaya, pale ambapo mtoto hawezi kulala bila kujua imekuwaje. Sarafu unatoa siku ya mosi tu kama kawaida yako. Pili, tatu na nne unatoa kitabu kitupu, na hapo ndio utajua kama katuni yako ina mvuto au la, mana atakaerudi siku ya pili anajua pesa hakuna, karudi kwa ajili ya papa.

Papa nani? Ngoja nifike.

Kama hujazoea kutunga usijitese, chukua ngano. Mimi kwa kazi hii siioni inayoishinda ile ya kima na papa, imo kwenye kitabu cha hadithi za Kiswahili alichokitoa Edward Steere 1870, hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa hapa Unguja, ndani inaitwa kisa cha punda wa dobi. Kwa umri wake huo hakuna wa kukudai hakimiliki, na kwa bahati nzuri yenyewe imeshajikata vipande vinne bila wewe kuisumbua.

Sikukuu mosi: kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia baharini anakula matunda, papa yuko chini anaomba, kima anamtupia, kesho tena, kesho kutwa tena, urafiki unakolea mpaka siku moja papa anamwambia twende kwetu na mimi nikulipe fadhila, panda mgongoni. Ukurasa wa mwisho kima yuko hewani anaruka. Malizia hapo hapo, usimuonyeshe anapotua. Sikukuu pili: wako katikati ya bahari, ardhi haionekani, papa anaona haya lakini anasema, rafiki yangu nikwambie kweli, sultani wetu mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Ukurasa wa mwisho ni uso wa kima peke yake, macho tu, bila neno hata moja. Sikukuu tatu: kima anajibu, "Ala, sasa mbona hukunambia mapema? Sisi kima tukitoka mioyo tunaiacha kwenye miti", papa masikini anageuza, wanarudi, kima anaparamia mkuyu na kukaa kimya. Papa anaita, anaita tena. Mwisho kima anamuuliza kwani unanifanya mimi punda wa dobi? Na papa anauliza, punda wa dobi ndio yupi huyo? Unafunga. Sikukuu nne ndio kisa cha punda chenyewe, simba yuko hoi hawezi kuwinda, sungura anamletea punda, punda anaponea chupuchupu anakimbia halafu anakubali kurudi mara ya pili, na hapo anauliwa, sungura anakula moyo na masikio kwa siri, simba akiuliza viko wapi anaambiwa huyu hakuwa navyo, angekuwa na moyo na masikio angerudi?

Mnaona. Hamna haja ya kuongeza kitu. Ukitaka uhondo zaidi mpe papa maneno ya Kipemba na kima maneno ya mjini, au kinyume chake kama uko Pemba, watoto watayasoma kwa sauti wenyewe. Kama ngano hii hupendi iko hazina ya Abunuwasi, visa vyake vingi ni vifupi, kimoja kwa siku, ila hapo unapoteza ile hamu ya kesho.

Kabla ya kalamu, mambo ya kuyaepuka. Popobawa hapana. Najua mtu ataona Halloween ni mambo ya kutisha na sisi tunae wetu, lakini wenye umri wanakumbuka 1995 watu walivyolala nje makundi makundi Pemba na Unguja kwa uvumi wa hilo dude, na hadithi yenyewe si ya watoto hata kidogo. Msidhani ni sisi tu wazazi wakali, huko huko Marekani 1954 zilipigwa kelele kubwa juu ya katuni za kutisha mpaka vikaitwa vikao vya Seneti, wachapishaji wakajiekea kanuni wenyewe, hata neno la utisho likakatazwa kuandikwa kwenye jina la gazeti. Papa anaetaka moyo wa rafiki yake anatosha kumtia mtoto wa miaka sita baridi.

La pili, na hili watu wengi hawalifikirii: usiandike aya, wala bismillahi, wala jina la Mwenyezi Mungu kwenye kijitabu, hata kwa nia njema. Hizi karatasi zitaanguka chini, zitakanyagwa, zitafungiwa karanga na ubuyu wiki ijayo, nyengine zitaishia jaani. Andika "Idi Njema" kwa Kiswahili basi inatosha. Mambo ya Mitume na Malaika hayo sina haja ya kuyataja.

Haya, karatasi. Unahitaji A4 moja tu kwa kijitabu kimoja, inachapwa upande mmoja, haihitaji pini wala gundi, unapata kurasa nane: jalada la mbele, kurasa sita za hadithi, jalada la nyuma. Kila ukurasa unatoka kama milimita 74 kwa 105, inaingia kwenye mfuko wa kanzu na kwenye vile vimkoba vya watoto wa kike, jambo ambalo katuni kubwa haiwezi, mtoto hatembei siku nzima ya Idi na gazeti mkononi, atalitupa kwenye mtaro.

Kukunja kuko hivi. Ilaze karatasi kwa ulalo mbele yako. Ikunje katikati kwa urefu, ukingo wa juu ukutane na wa chini, bana vizuri kwa mgongo wa kijiko, fungua. Sasa ikunje kushoto kwenda kulia, bana, halafu ikunje hivo hivo tena mara nyengine, bana, fungua yote. Utaona vyumba vinane, vinne juu vinne chini. Ikunje tena mara moja tu kushoto kwenda kulia, uchukue mkasi, ukate kwa kufuata ule mkunjo wa katikati, unaanzia upande ule uliokunjika (si ule wenye ncha za karatasi) na unasimama ukifika mkunjo unaofuata. Usiendelee mbele zaidi, ukiendelea umepata karatasi mbili. Ukifungua utaona mpasuko katikati ya karatasi, vyumba viwili kwa upana. Ikunje kwa urefu tena maandishi yawe nje, shika ncha mbili za pembeni, zisukume zikutane, mpasuko unafunguka kama mdomo na kurasa zinatokea nne upande huu na huu, zilaze upande mmoja uzibane. Kwisha. Ya mwanzo itakusumbua, baadae mkono unajua wenyewe.

Sasa kurasa zikae vipi kwenye ile karatasi iliyo wazi, hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwahiyo nakupa moja kwa moja. Safu ya chini kutoka kushoto: jalada la nyuma, jalada la mbele, ukurasa wa 2, ukurasa wa 3. Safu ya juu kutoka kushoto: 7, 6, 5, 4, na hizi za juu zote zinakaa kichwa chini miguu juu. Yani geuza karatasi ndio uzichore. Kabla hujachora kitu chochote chukua karatasi mbovu, kunja, kata, andika namba kwa peni kwenye kila ukurasa, fungua uitizame, hio ndio ramani yako, ibandike ukutani.

Namba za kurasa ziandike kubwa hata kwenye kitabu chenyewe. Wadogo wetu wengi kitabu cha mwanzo kushika ni juzuu ya chuo cha Kurani, na juzuu inafunguliwa kulia, ukimpa kijitabu cha skuli anakianza mwisho. Namba kubwa pembeni inamuongoza, na mshale mdogo kwenye jalada hauna hasara.

Uchoraji. Kwanza ondoa hofu, kima ni duara mbili na mkia, papa ni jani lenye meno. Kinachoharibu katuni ya fotokopi si uchoraji mbaya, ni mistari myepesi. Penseli mashine haiioni vizuri, inakupa kivuli cha kijivu, kwahiyo chora kwa penseli kama unataka lakini pitia juu yake kwa peni nyeusi nene au maka peni, subiri wino ukauke ndio ufute penseli. Ukitaka kivuli usipake kijivu, piga mistari. Acha nafasi ya milimita tano hivi pembezoni mwa karatasi mana mashine nyingi hazifiki ukingoni, zitakukatia kichwa cha kima. Ukurasa ni mdogo kwahiyo picha moja kwa ukurasa, mbili kama huna budi. Maneno machache, herufi kubwa za kuachana, na ukiona maneno hayaingii kwenye lile duara la maneno usipunguze herufi, punguza maneno. Kuna watoto wa miaka minne watakaopata hichi kitabu na hawajui kusoma, jaribu kuhakikisha picha peke yake inaeleweka, ficha maneno kwa kidole uone kama kisa bado unakipata.

Upande wa pili wa karatasi umebaki mweupe, na kama mfuko unaruhusu kutoa kopi pande mbili usiuache bure. Chora papa mmoja mkubwa amejaa A4 nzima, kichwa kinatizama mbele, mdomo wake ukae katikati kabisa, pale pale penye mpasuko. Mtoto akimaliza kusoma akikunjua kitabu anamkuta papa ambae mdomo wake unafunguka kweli, anaingiza mkono. Hii ya papa peke yake imetosha kuwafanya wengine waje kupiga hodi. Ifanye kwenye kijitabu cha sikukuu mosi, hizo siku nyengine tatu upande mmoja unatosha.

Jalada la nyuma tia kitendawili kimoja, jibu lake kesho. Na mstari mmoja wa "njoo kesho uone". Jina lako na namba ya simu usitie, ya nini.

Kwa wasiotaka kuchora kabisa kuna njia. African Storybook wana hadithi za picha za Kiswahili kwenye intaneti, leseni yao inaruhusu kuchapa na kugawa, si katuni hasa lakini zinafaa kwa wadogo. Kuna pia Pepper&Carrot ya Mfaransa David Revoy, katuni nzuri sana ya rangi, anaruhusu kutafsiri na kuchapa sharti umtaje, tatizo mhusika wake mkuu ni kibinti mchawi na paka wake, sasa wewe mgawie mtoto wa maalim kitabu cha mchawi siku ya Idi halafu uone. Magazeti ya zamani ya Sani, yale ya kina Ndumilakuwili na Lodilofa, mtu akikuta kwenye sanduku la baba yake ni hazina, lakini yale yaliandikwa kwa wakubwa, yasome mwenyewe na usiyagawe. Shujaaz wa Kenya walianza 2010 kugawa katuni yao bure kupitia gazeti na walifika mbali, ila hio ni ya vijana na vijana hawapigi hodi, wao wako Mnazi Mmoja jioni. Na kumtolea kopi mchoraji alie hai bila ruhusa yake hapana, Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003 na hata isingekuwepo, mtu kakesha anachora.

Mahesabu. Kwa mtaa wa watoto 60 kwa siku nne ni karatasi 240, chini ya nusu ya rimu, rimu moja ina 500. Siku ya mosi zidisha, wanakuja wengi wa mitaa mengine, siku ya tatu na nne punguza. Vya mosi na pili vibakishe kidogo pembeni mana kuna watoto sikukuu mosi walikuwa shamba kwa bibi wanarudi siku ya tatu hawajui kima ni nani. Wengine utaona wanabadilishana wenyewe barazani, huyu ana cha mosi viwili yule ana cha pili, waache, hapo ndio raha yenyewe ilipo.

Toa kopi kwenye mashine ya tona, zile za maduka ya stesheneri, usichapishe kwenye printa ya nyumbani ya wino wa maji. Wino wa maji ukiguswa na tone la mvua au mkono wenye juisi unatapakaa, na Idi nyengine zinatukuta ndani ya masika. Tona haijali maji.

Sasa mwezi. Halloween tarehe yao haibadiliki, mtu anajipanga mwaka mzima, yetu inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka na hata usiku wenyewe hujui kama ni ishirini na tisa au thelathini mpaka litoke tangazo. Kwahiyo usiseme utamalizia ile siku ya mwisho, siku ya mwisho inaweza isiwepo. Chora kumi la mwanzo la Ramadhani. Kopi toa kumi la kati, mana kumi la mwisho mji mzima uko Darajani kutafuta viatu na hata ukipata duka la fotokopi liko wazi umeme nao unaweza kukuangusha. Kukunja na kukata fanyeni usiku baada ya tarawehe, watoto wa nyumba wakunje, mkubwa mmoja ashike mkasi. Watoto wa nyumba wataisoma kabla ya wenzao, haiepukiki, waambie tu wasitoe siri ya sikukuu nne. Ikifika ishirini na saba viwe vimeshafungwa mafungu manne, kila fungu limeandikwa siku yake. Usivitie kwenye mifuko ya plastiki kimoja kimoja kama wanavyofanya watu wa katuni kule ng'ambo, mifuko hio kwetu imepigwa marufuku tangu 2006 na hata hivo mtoto anataka kukishika.

Siku yenyewe kaa barazani, usikae ndani ukawa unaitwa. Sarafu kwenye bakuli, vitabu kwenye kikapu, na mtu wa pili wa kukusaidia kama una mama mkwe anaependa watoto. Mpe kila mtoto chake mkononi, usimpe mkubwa agawe, wadogo hawatakiona. Mtoto akikataa kitabu mwache, ana haki yake, akikuta wenzake wanacheka na papa atarudi. Kuna watakaorudi mara ya pili wamebadilisha kofia, hao wapo kila mwaka, kwenye sarafu kuwa mkali kwenye kitabu jifanye hujaona. Na usimtahini. Najua inakujia, "haya nambie papa alitaka nini ndio nikupe cha leo", ukiwa mwalimu ndio zaidi, lakini mtoto kaja kusherehekea na wewe unamfungulia skuli barazani. Akikusimulia mwenyewe msikilize. Wengi watakusimulia bila kuulizwa na watakosea, wengine watakwambia papa ndio aliekuwa juu ya mti.

Wazazi watakuuliza umepata wapi, wengine watahisi ni chama fulani kinapitisha mambo yake, mana siku hizi karatasi ya bure inatiliwa shaka na sawa wanavyofanya. Ndio maana usitie nembo yoyote, wala tangazo la duka lako hata kama unalo, ukitia tangazo kimekuwa kipeperushi. Mzee akija kuuliza mpe nakala asome mwenyewe, ya kima na papa anaijua toka utotoni na atakurekebisha pale ulipokosea.

Vikibaki vipeleke kwa kinyozi, pale watoto wanapongojea kunyolewa, au mpe mwalimu wa nasari. Ile karatasi ya asili uliyochora kwa mkono usiikunje, itie katikati ya kitabu kikubwa ilale sawasawa, Idi el-Hajj haiko mbali, miezi miwili na siku tisa tu, na watoto watakuja kuuliza kama kuna nyengine. Hapo huwezi kuwapa kima yule yule. Anza kutafuta kisa cha Abunuwasi mapema.